Tangi la Faibaglasi Likiyumba, Likitetema: Majibu kwa Wasomaji wa Viwandani

Barua za mwezi huu zinatoka viwanda mbalimbali vya Nairobi na viunga vyake, lakini shida ni moja: matangi ya faibaglasi ya kuchanganyia ambayo hayatulii. Tumezijibu pamoja kwa sababu jibu la moja linaisaidia nyingine.

SWALI: Kifuniko kimeanza kupasuka. Tumfuate fundi yupi?

*Hamjambo wahariri. Tunatengeneza sabuni ya maji ndani ya tangi la faibaglasi la lita 7,000, lenye upana wa mita 2.1. Mixa imefungwa juu ya kifuniko: mota ya kilowati 1.5, giaboksi ya 15 kwa 1, pangaboi la mapanga manne yaliyolazwa nyuzi 45, kipenyo sentimita 70. Tangi likijaa linatikisika hadi mabomba yanagonga ukuta, na kifuniko kina nyufa kuzunguka flanji (ukingo wa kufungia bolti) ya mixa. Fundi mmoja anataka aongeze matabaka ya faibaglasi kwenye kifuniko. Mwingine anataka kuweka mipira chini ya mixa. — Msimamizi wa uzalishaji, Baba Dogo*

JIBU: Ndugu msimamizi, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Wote wawili wanataka kutibu kabla ya kujua kinachosukuma tangi ni nini.

Anza na huyu wa mipira. Mota ya nguzo nne za sumaku kwenye umeme wa Hz 50 (mara 50 kwa sekunde) huzunguka karibu mara 1,450 kwa dakika, na giaboksi yako inaishusha hadi kama 97. Hiyo ni mizunguko 1.6 kwa sekunde. Mpira huzuia mtetemo pale tu ambapo msukumo unakuja haraka kuliko mdundo wa mpira wenyewe, tena kwa zaidi ya mara 1.4. Kwa mixa yako, mpira ungetakiwa kudunda polepole, chini ya mara 1.1 kwa sekunde, na mpira wa namna hiyo ungelazimika kubonyea kama sentimita 20 kwa uzito wa mixa peke yake. Hakuna mpira wa hivyo. Ukiweka vile vipande vinavyouzwa madukani, utailegeza mixa, nayo shafti itayumba zaidi ya sasa. Mipira huwafaa wenye pampu na kompresa zinazozunguka kwa kasi.

Huyu wa matabaka ana hoja kidogo, lakini si ya kutosha. Faibaglasi ya kuwekwa kwa mkono hupinda kirahisi: chuma cha unene uleule kina ugumu wa zaidi ya mara ishirini. Kifuniko kimejengwa kufunika. Ukikibebesha mota, giaboksi na shafti ya mita mbili inayosukumwa huku na huku, kitapinda mara 97 kila dakika, na resini itachoka palepale inapokutana na flanji. Matabaka mapya yataahirisha ufa kwa miezi, kisha ufa utatokea ukingoni mwa matabaka hayo.

Kwa hiyo pima kwanza. Tazama kama tangi *linayumba* au *linatetema*. Kuyumba ni polepole, unaweza kukuhesabu kwa macho. Kutetema ni kwa haraka, unakuhisi kwenye kiganja. Simu yenye programu ya kusoma kipima-mwendo inatosha kwa kazi hii. Ibandike juu ya tangi kwa gundi ya pande mbili, rekodi dakika moja, kisha tazama kilele kiko kwenye mdundo gani. Kwa mashine yako, Hz 1.6 inaashiria shafti iliyopinda au pangaboi lisilo sawa. Hz 6.5 ni mapanga manne yakipita, moja baada ya jingine. Hz 24 ni mota yenyewe au kapulingi (kiungo) yake, na Hz 100 ni mngurumo wa umeme. Kuyumba kusiko na mdundo maalumu, mara kwa nguvu mara kidogo, kunatoka kwenye maji yenyewe.

Tunashuku hili la mwisho, na kuna njia rahisi ya kuthibitisha. Chungulia kabla hamjatia chumvi ya kuifanya sabuni iwe nzito, wakati mchanganyiko bado ni mwepesi kama maji. Ukiona shimo la kizingia limezama katikati na sabuni yote inazunguka pamoja na pangaboi kama mzigo mmoja, umempata mkosaji. Tani saba za maji zinazunguka, shimo linahamahama kutoka katikati, na kila likihama pangaboi linasukumwa upande. Hilo shimo pia ndilo linalovuta hewa na kuwaletea mapovu. Chumvi ikishaingia na sabuni ikawa nzito, mtikisiko utapungua wenyewe.

Dawa yake ni vibao vinne vya wima ukutani, ndani ya tangi, vya kuuvunja mzunguko huo. Upana wa kila kibao ni sehemu moja ya kumi na mbili ya upana wa tangi, yaani milimita 175 kwenu. Acha nafasi ya milimita 30 kati ya kibao na ukuta ili sabuni isigande nyuma yake. Kibao kishikwe na mabano ya faibaglasi matatu au manne, si mstari mmoja wa resini. Kianzie sentimita 15 hivi juu ya sakafu ya tangi. Usikiunganishe kamwe na ile kona ya chini ambapo ukuta unakutana na sakafu, kwa maana hapo ndipo tangi linapobeba mkazo mwingi zaidi.

Hapa wengi hukosea. Vibao vikishawekwa, mixa hufanya kazi kubwa zaidi, kwa sababu sabuni haizunguki tena bure. Amperi hupanda, na huweza hata kufika maradufu. Kwa vipimo ulivyotupa, hesabu yetu inaonyesha pangaboi litahitaji kama kilowati 0.9, hivyo mota yako inatosha. Hata hivyo, siku ya kwanza shika kipima-amperi mkononi na usipite namba iliyoandikwa kwenye kibati cha mota. Pia nguvu iliyokuwa ikizungusha sabuni sasa inazungusha tangi. Hakikisha masikio ya tangi ya kulishikia sakafuni yamefungwa kwa bolti, au tangi lenyewe litageuka na kukata mabomba.

Baada ya vibao, iondoe mixa juu ya kifuniko. Jenga daraja la chuma: chaneli mbili za milimita 150 kwa 75 zipite juu ya tangi, zikalie miguu minne ya bomba la mraba la milimita 100, na katikati yake bamba la milimita 16 au 20 la kufungia mixa. Miguu ifungwe mishazari pande zote nne. Daraja lisilo na mishazari huyumba kama meza mbovu, na litakuwa limekugharimu fedha bila faida. Shafti ipite kwenye tundu la kifuniko ikiwa na nafasi ya milimita 25 kuzunguka pande zote, na nafasi hiyo izibwe kwa mpira laini uliokunjwakunjwa. Ukipitisha kipande cha kadibodi kati ya daraja na tangi, kisikwame popote. Wachomeleaji wa Kariobangi Light Industries wanaliweza hili vizuri ukiwapa mchoro wenye vipimo. Ukiwaachia wakadirie, watakupa chaneli nyembamba.

Nyufa sasa. Kata flanji ya zamani au izibe, kisha saga kwa grainda hadi ng'aro yote iishe na nyuzi zionekane, sentimita 15 kila upande wa ufa. Resini mpya haishiki juu ya resini inayong'aa. Tumia resini ya vinaili esta, kwa kuwa mnatia kostiki soda sabuni ikiwa bado inatengenezwa. Weka matabaka manne au matano ya mkeka wa faibaglasi wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Kila tabaka hutoa karibu milimita moja. Kwa kila kilo ya mkeka, tenga resini kilo mbili hadi mbili na nusu. Hadina (dawa ya kugandisha resini) iwe kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wa resini. Kama resini yako inatiwa kobalti (kiharakishi) kando, ichanganye kobalti kwenye resini kwanza, ikolee, ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zikikutana zenyewe, hulipuka.

Kazi ya vibao inafanyika ndani ya tangi, na humo ndimo watu hupoteza maisha. Mvuke wa staireni, unaotoka kwenye resini, ni mzito kuliko hewa, hukaa chini, na huwaka. Feni ivute hewa kutoka sakafuni mwa tangi, isiwe ya kupuliza juu. Barakoa iwe ya kaboni kwa mvuke, si ile ya vumbi. Swichi ya mixa ifungwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao aliye ndani. Mtu mmoja abaki mlangoni muda wote, na asiingie kuokoa peke yake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka tahadhari za namna hii kwa yeyote anayeingia mahali pa kufungika, hata kama ni fundi wa kutwa.

SWALI: Linatulia likijaa, linaruka likikaribia kuisha

*Tangi letu ni kama la saizi hiyohiyo, na lina vibao tayari. Halina shida asubuhi. Tukianza kupakia kwenye madumu na kiwango kushuka, ghafla mixa inapiga kelele na kifuniko kinaruka. Hatuwezi kuizima kwa sababu rangi itatuama. — Mwendesha mashine, Lunga Lunga Road*

JIBU: Pangaboi lenu linachungulia nje ya maji. Panga moja likiwa ndani na jingine hewani, kila mzunguko ni kofi. Shafti ndefu isiyo na beringi chini haikutengenezwa kwa makofi hayo, na mara nyingi siku ya kupinda kwake huwa ni siku ya kumalizia tangi.

Kanuni tunayoipendekeza ni kuwa juu ya pangaboi kuwe na maji yasiyopungua nusu ya kipenyo chake. Tuseme pangaboi lenu la sentimita 70 liko sentimita 70 kutoka sakafuni. Basi hatari inaanzia sentimita 105. Hapo mna zaidi ya lita 3,600, na tunaelewa kwamba hamwezi kuiacha nusu ya tangi ituame.

Fanyeni hivi. Wekeni swichi mbili za kuelea. Ya juu, sentimita 105, iiamuru inveta (kifaa cha kubadili kasi ya mota) kushuka kutoka Hz 50 hadi 30. Nguvu ya maji kwenye pangaboi hufuata mraba wa kasi, hivyo inabaki asilimia 36 tu. Ya chini, sentimita 80, izime kabisa. Rangi iliyobaki isukumeni kwa pampu irudi juu ya tangi, iendelee kuzunguka hadi madumu yaishe. Kama mnahitaji kuchanganya chini zaidi, shusheni pangaboi lenyewe, lakini someni kwanza jibu linalofuata kuhusu kurefusha shafti. Vipande vidogo vya chuma vilivyochomelewa wima chini ya ncha za mapanga pia husaidia: vinakata maji na kupunguza kurushwa upande.

Na wakati wa kujaza, mixa isiwashwe kabla maji hayajalifunika pangaboi kwa kiwango hichohicho. Hili husahaulika kuliko lile la kumaliza.

SWALI: Tumesawazisha pangaboi mara tatu, bado

*Tulirefusha shafti kutoka mita 2 hadi 2.5 ili ifike chini. Shafti ni ya milimita 40. Tangu hapo inapiga. Tumesawazisha pangaboi kwa mizani, tumebadilisha beringi, hakuna kilichobadilika. Kasi ni 97 kwa dakika. — Fundi wa matengenezo, Enterprise Road*

JIBU: Fundi, usawazishaji hauna kosa, ila haukuwa ugonjwa. Piga hesabu: gramu 200 zilizozidi kwenye ncha ya panga, sentimita 35 kutoka katikati, kwa kasi ya 97, hutoa msukumo wa nyutoni 7. Huo haufiki uzito wa kilo moja. Kwa mixa ndogo zinazofungwa moja kwa moja kwenye mota ya 1,450, mambo ni mengine kabisa: gramu 50 tu kwenye umbali wa sentimita 10 hutoa nyutoni 115, mara 24 kila sekunde. Hizo ndizo za kusawazishwa kwa uangalifu, na kwa maoni yetu hazifai kukaa juu ya faibaglasi.

Ugonjwa wako ni ile nusu mita. Ukiisukuma shafti ya milimita 40 kwa nguvu ya kilo 10 kwenye ncha, ikiwa na urefu wa mita 2 itapinda kama sentimita 1. Kwa mita 2.5 itapinda sentimita 2. Ugumu umekatika nusu. Kila shafti ina mdundo wake wa asili, kama bembea, na ukiisukuma kwa mdundo huo, inakua yenyewe. Kwa pangaboi la kilo 12, mdundo wa shafti ya mita 2 ni karibu 227 kwa dakika. Wa mita 2.5 umeshuka hadi kama 157, hapo tukidhani imeshikwa kwenye chuma kisichotikisika. Juu ya kifuniko cha faibaglasi, na maji yakijishikiza kwenye pangaboi, unashuka zaidi. Desturi ya wajenzi wa mixa ni kutozidi asilimia 65 hivi ya mdundo huo. Ulikuwa kwenye 43. Kwenye karatasi sasa uko 62, na kwa kweli umeshapita mpaka.

Una njia mbili. Ya kwanza ni shafti ya milimita 50. Inakuwa ngumu mara 2.4, lakini thibitisha kwamba giaboksi inaipokea na beringi zake zinabeba uzito ulioongezeka. Ya pili ni kurudisha urefu wa zamani.

Vyovyote utakavyochagua, pima unyoofu kabla ya kujaza. Funga daili geji (kipimo cha mshale) kwenye nguzo iliyosimama sakafuni, isiyogusa tangi, izungushe shafti kwa mkono, usome karibu na pangaboi. Kipimo kisizidi robo ya milimita kwa kila mita ya urefu. Kikizidi, fungua kapulingi ugeuze shafti nusu mzunguko, kisha funga na upime tena. Kosa likihama pamoja na shafti, shafti imepinda. Likibaki palepale, uso wa kapulingi ndio una kombo au kuna uchafu kati yake. Mara nyingi ni tone la kulehemu lililobaki, na linaondoka kwa tupa.

SWALI: Tangi limeinama baada ya mvua

*Tuko Mlolongo. Tangi lilikuwa limetulia mwaka mzima. Baada ya mvua za Machi hadi Mei limeanza kutikisika na flanji ya bomba la kutolea inavuja. Tumekaza bolti lakini inavuja zaidi. — Mmiliki wa karakana*

JIBU: Acha kukaza. Flanji ya faibaglasi ikikazwa kwa hasira hupasuka kwenye shingo, ndani, mahali usipoona.

Udongo mweusi wa upande huo hufura ukilowa na hupasuka ukikauka. Slabu nyembamba iliyomwagwa juu yake huinuka upande mmoja. Weka pimamaji yenye ubao mnyoofu juu ya slabu, pande mbili. Kisha pitisha kipande cha bati jembamba chini ya ukingo wa tangi, kuzunguka lote. Popote kinapoingia, tangi halijakaliwa. Tangi la sakafu bapa linataka kukaliwa lote: tani saba au nane zikiegemea upande mmoja, sakafu inapumua kila mixa inapozunguka, na huo ndio mtikisiko unaouona.

Limalize tangi, lifungue mabomba, liinue. Fagia kila punje ya kokoto, maana kokoto moja chini ya faibaglasi ni msumari. Mimina grauti (saruji ya kujazia) isiyosinyaa hadi uso uwe sawa, tandika mpira wa milimita 6, kisha lishushe. Hii inatibu dalili. Slabu yenyewe itacheza tena mvua zijazo isipokuwa udongo mweusi utolewe na msingi ujengwe juu ya kilicho chini yake, na maji ya paa yaelekezwe mbali na ukuta.

Bomba la kutolea lisining'inie kwenye tangi. Weka kiungo cha mpira karibu na flanji, na valvu iwe na kiti chake sakafuni. Gasketi iwe ya mpira wa milimita 3 unaofunika uso wote wa flanji, si pete ndogo ya katikati. Kama valvu yako ya chuma ina uso ulioinuka, ziba pengo la nje kwa pete ya kujazia. Bila hiyo, bolti zinaipinda flanji, na huenda hapo ndipo uvujaji ulipoongezeka kila ulipokaza.

SWALI: Inveta peke yake haitoshi?

*Tumepunguza kasi ya mixa hadi Hz 21 tukidhani tangi litatulia. Badala yake sabuni inapanda ukutani upande huu na upande ule hadi inamwagika. — Msomaji, Embakasi*

JIBU: Umeangukia kwenye mdundo wa maji. Katika tangi la upana wa mita 2.1 lililojaa, maji huenda na kurudi mara moja kila sekunde moja na nusu, yaani kama mara 40 kwa dakika. Kama giaboksi yako ni ya 15 kwa 1, Hz 21 inakupa kasi ya 40 au 41. Pandisha hadi Hz 30 au zaidi, na kwenye inveta tafuta mpangilio wa kuruka masafa, uzuie kati ya Hz 18 na 25 ili mashine ipite hapo bila kukaa. Kasi ikipunguzwa kwa muda mrefu, gusa mota kwa mkono kila baada ya nusu saa: feni yake inapunguza upepo pamoja nayo, na hewa ya Nairobi, kwenye mita 1,700 juu ya bahari, tayari ni nyepesi kuliko ile ambayo mota nyingi zimepimiwa. Ikiwa huwezi kuacha kiganja juu yake, ongeza feni ya nje inayojitegemea.